Matanga ya Jina la Jarida

Kura zilipohesabiwa Ezekia Mwambene alishinda, na papo hapo akatamani angeshindwa.

Mkutano ulikuwa Iringa mjini, katika darasa waliloazima kwa siku moja, mwezi wa saba mwaka 1956, wakati wa ile baridi ya kukunja vidole. Wanachama walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, kola za makoti zimefunika masikio. Walimu, mabwana shamba, mabwana mifugo, waganga wa zahanati. Hicho ndicho kilichokuwa Chama cha Maarifa, na mtu asikicheke. Watu wale walikuwa wakipima mvua, wakifuatilia ndege, wakichora majani ya miti mshipa kwa mshipa, na makala ya mtu haikuchapwa mpaka isomwe na wenzake wawili ambao hawakuambiwa ni ya nani. Kazi yao yote ilitoka katika kitabu chembamba kilichoitwa Jarida la Maarifa ya Uhehe.

Ubaya ulikuwa kwenye lile neno la mwisho. Chama kilianza na Wahehe, sawa, lakini sasa nusu ya wanachama walikuwa watu wa Mbeya, Wanyakyusa na Wasafwa na Wasangu, na kila walichokiandika kilitoka kimevaa kofia ya Uhehe. Asukile Mwangoka, mganga wa zahanati moja karibu na Mbalizi, alikuwa amepanda na kushuka milima ya kwao misimu kadhaa, akitafuta ni kimo gani ambapo mbu wa malaria huchoka kupanda. Makala yake ilikuwa nzuri kweli. Ikasafiri mpaka maktaba ya chuo kimoja nje ya nchi, na huko mwenye maktaba, kwa kusoma jalada tu, akaipanga kwenye rafu ya mila za Wahehe, kati ya ngoma na ndoa.

"Mbu wangu wametolewa mahari," Asukile aliwaambia wenzake, na waliocheka walijuta, maana yeye hakuwa anacheka. "Krismasi ikitukuta bado tuko Uhehe, sisi wa Mbeya tunatoka. Tutaanzisha letu."

Ezekia alikuwa katibu wa chama, naye ni mtu wa Mbeya vilevile, bwana shamba. Alijua hesabu ya jambo hilo bila kuiandika popote. Waandishi wenyewe walikuwa wachache, wasomaji wachache zaidi. Jarida likipasuliwa vipande viwili, vyote viwili vitakufa kabla mahindi hayajabeba. Ndipo akaleta hoja kwamba jarida liitwe Jarida la Maarifa ya Nyanda za Juu, ikajadiliwa kistaarabu, ikapigiwa kura, ikapita.

Kisha Mwalimu Silvester Kalinga akasimama.

Huyu ndiye aliyekianzisha chama, na jina la jarida ni yeye aliyelitoa. Mzee mrefu, mkavu, Mhehe wa kutoka Igowole, aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Alitazama ubaoni, pale hesabu ya kura ilipoandikwa kwa chaki, akaitazama kwa muda kama anayetafuta kosa la kusahihisha.

"Nimesikia," akasema. "Asanteni."

Akachukua kofia yake, akatoka. Walipofika uani kumfuata, lori lililokuwa likielekea kusini lilikuwa limeshampakia.

Basi chama kikawa na jina jipya ambalo hakiwezi kulitumia. Kibali cha serikali cha kuchapisha kilikuwa kwa jina la Mwalimu Kalinga, na karatasi ya kubadili jina la jarida ilitaka sahihi yake. Ezekia akampelekea barua, ya heshima kabisa, na nakala ya azimio la mkutano. Kimya. Akapeleka nyingine. Kimya kilekile.

Mwezi wa tisa Ezekia alipiga moyo konde akapanda basi mwenyewe. Akashuka Nyololo, akaulizia lifti ya kwenda Igowole, akakosa, akatembea. Ukungu wa Mufindi ulikuwa umeketi juu ya njia, na kila alipopishana na mtu walisalimiana kwanza ndipo wakaonana. Njia nzima alikuwa akijitetea moyoni. Ni kweli hakumdokeza mzee lolote kabla ya mkutano. Lakini katibu anayepita nyumba kwa nyumba kabla ya kura, huyo si katibu, ni mchuuzi wa kura! Alifuata utaratibu. Na huo utaratibu alifundishwa na nani, kama si na mzee mwenyewe?

Hapo ndipo utetezi wake ulipokuwa unakwama kila mara. Baba yake Ezekia alifariki yeye akiwa bado shuleni, mbali na kwao, na likizo ile Mwalimu Kalinga alimchukua nyumbani kwake, na likizo iliyofuata, mpaka ikawa mazoea. Mama Rozalia, mke wa mwalimu, alimtengea bakuli lake. Katika ua wa nyumba ile Ezekia alifundishwa kutazama ua la boga kwa saa nzima kabla ya kufungua mdomo kulisema. Nani mwingine angemwita baba, kama si yule mzee? Na Ezekia huyohuyo ndiye aliyemwangusha kwa kura mbele za watu.

"Kamwene, mwanangu," Mama Rozalia alimpokea mlangoni. "Umekonda. Mbeya hawali?"

Alikaribishwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia hofu. Ugali, maharage, mboga za maboga, togwa ya moto. Mwalimu Kalinga aliuliza habari za mvua za Mbeya, habari za viazi, habari za watoto. Kila Ezekia alipougusa mdomo wa jambo lenyewe, mzee alimsogezea bakuli.

Mwishowe Ezekia akaitoa ile karatasi mfukoni, akaiweka juu ya meza.

"Baba, inahitaji sahihi tu."

Mzee hakuigusa. Alisimama, akaleta toleo la kwanza la jarida, limechakaa, herufi zake nyingine hazisomeki kwa wino kuvuja.

"Unajua kwa nini niliandika Uhehe hapa?"

"Kwa sababu ni kwenu."

"Mpumbavu," mzee akasema, bila hasira. "Nilipokuwa kijana nilimbebea Mzungu mmoja sanduku la vitabu. Kitabu kimoja kilikuwa cha Uhehe. Nikamwomba nikisome. Kilikuwa na picha zetu, vichwa vyetu, mifupa yetu, nyimbo zetu. Kimeandikwa na mtu aliyekaa kwetu mpaka alipomaliza sukari yake, akarudi kwao. Nikasema, ipo siku neno hili litakuwa juu ya kitabu, na ndani yake wanaoandika ni sisi wenyewe. Niliposhika toleo hili nililia, Ezekia. Muulize mama yako."

"Alilia," Mama Rozalia alisema kutoka jikoni. "Akaharibu na kurasa."

Ezekia alikuwa amedhani ni ubinafsi wa uzeeni, au ukabila, na alikuja amejiandaa kubishana na ukabila.

"Nyinyi mna haki," mzee akaendelea. "Yule wa mbu ana haki. Jina hili halitoshi tena, mimi si kipofu. Lakini mlifanyaje? Mkaandika ubaoni, mkanyoosha mikono, mkafuta. Mtu aliyewabeba miaka yote mmemtupa porini usiku mmoja, hata mchanga hamkumwagia. Sasa mnaniletea karatasi nitie sahihi kwamba hakuwahi kuwepo. Sitii."

Akaikunja ile karatasi vizuri, akamrudishia Ezekia mkononi.

Asubuhi Ezekia aliondoka roho imemning'inia. Badala ya kurudi moja kwa moja Mbeya alikwenda kwanza Iringa, kwa Philbert Gama, kumwambia asichape kitu bado. Philbert alikuwa Mngoni wa Songea, fundi wa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyochapa jarida, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha kuku, na alijulikana mji mzima kwa kuwasumbua Wahehe. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali enzi za mababu, na kama ilivyo kawaida, waliochoka kuuana wakawa watani. Philbert angeweza kuingia nyumba ya Mhehe yeyote, akafunua chungu, akala, akasema chumvi imezidi, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kununa.

Ezekia alimweleza kila kitu, hadi lile neno la mchanga. Philbert akaacha kufuta mashine.

"Rudia hapo."

"Kasema tumemtupa mtu porini, hatukumzika."

"We Ezekia!" Philbert akajipiga paja. "Na nyie wote na akili zenu! Mzee kafiwa. Kafiwa, bwana! Mmeua jina, mmeliacha linaoza, halafu mnampelekea mfiwa karatasi asaini. Nani aliitwa msibani? Nani alilia? Na kubwa kuliko yote," hapa sauti yake ikawa ya mtu aliyeonewa kwelikweli, "mbona watani hatukuitwa?"

"Philbert, sisi ni chama cha sayansi."

"Na wanasayansi wenu wanazikwa na nani? Wanajizika?"

Ezekia alipanda basi akiwa na wazo lililomtisha. Kule Mbeya, Asukile alilipinga moja kwa moja. Chama cha Maarifa kifanye maigizo ya matanga? Wazungu wa idara za serikali wakisikia? Alisema mengi, na mengi yalikuwa ya kweli. Ezekia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe baba yako alipofariki," akamuuliza, "ulikwenda na azimio la mkutano?"

Asukile akasema, "Nitakwenda. Lakini silii."

Wakaenda mwezi wa kumi, siku ya Jumamosi, kwa lori la kukodi, wanachama wa Iringa na wa Mbeya pamoja, wamevaa mashuka na makoti meusi kama waombolezaji wa kweli. Ezekia alikuwa amebeba matoleo yote, la kwanza mpaka la mwisho, yamefungwa katika shuka jeupe. Njia nzima aliwaza jambo moja. Mzee akiona ni kejeli, basi. Jarida limekwisha, na ile nyumba hataikanyaga tena.

Mwalimu Kalinga aliwakuta uani kwake, akasimama mlangoni, uso umefungwa. Ezekia aliweka furushi chini, juu ya mkeka, akakaa pembeni yake chini kwenye vumbi kama mfiwa. Mmoja mmoja wengine wakakaa.

Mama Rozalia ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoka jikoni, akatazama lile shuka jeupe, akatazama nyuso, akafunga khanga kiunoni, akakaa chini upande wa wanawake ingawa alikuwa peke yake huko.

Ndipo Philbert akatokea nyuma ya lori.

Alikuwa amevaa koti refu kupita kiasi, kofia imekaa kama ile ya Mwalimu Kalinga, miwani ya waya isiyo na vioo. Alitembea ule mwendo wa mwalimu, mikono nyuma, shingo mbele. Akalifikia furushi, akalikagua, akakohoa kile kikohozi cha mzee.

"Nani ameleta maiti bila kupiga mstari pembezoni?" akauliza kwa sauti ya mwalimu. "Rudia! Na wewe, Ezekia, mbona marehemu hana tarehe?"

Mtu mmoja akaguna, akajikaza kisabuni asicheke. Mzee hakutikisika.

Philbert akavua kofia, akajilaza kifudifudi juu ya furushi, na kile kitambi chake chote.

"Haziki mtu!" akapiga kelele. "Huyu Mhehe alikuwa na deni letu! Babu yake alimkimbia babu yangu kule vitani mpaka akaacha mkuki. Hatoki hapa mpaka mnilipe. Nataka jogoo! Jogoo mwekundu, si haya makuku yenu ya Igowole yanayokonda kwa baridi!"

Ezekia alimtazama mzee, na mzee alikuwa akimtazama Philbert, na kidevu chake kilikuwa kimeanza kutetemeka. Ezekia akajua kwamba imeharibika.

"Aliyekimbia," Mwalimu Kalinga akasema polepole, "ni babu yako. Alikimbia mpaka Songea, akafika amechoka, akasema hapahapa ndiyo kwetu."

Ua mzima ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Philbert alilala pale pale akipiga ardhi kwa ngumi, akilia kwamba ametukanwa msibani, sasa anataka majogoo mawili. Na katikati ya kicheko kile Mwalimu Kalinga akakaa chini, juu ya mkeka, kando ya furushi, akaweka kiganja chake juu ya shuka, akalia. Alilia wazi, kama wanavyolia watu, bila kuficha uso. Mama Rozalia akaanza kilio cha wanawake, na sauti yake ikaenda mpaka kwenye miti.

Asukile, aliyesema halii, aligeuka upande wa lori akatafuta kitambaa mfukoni.

Walipotulia, mzee akajifuta.

"Wasifu wa marehemu," akasema. "Nani anausoma?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Macho yote yakamwendea katibu. Ezekia akasimama.

"Marehemu alizaliwa mwaka 1947," akaanza, "katika sebule ya nyumba hii. Kabla yake, sisi tuliandikwa tu. Yeye ndiye wa kwanza kusema, tunaandika wenyewe. Alikuwa maskini. Wino wake ulivuja. Lakini hakuchapa uongo, na mtu akileta uongo alirudishiwa, hata awe rafiki." Akameza mate. "Mimi nilikuwa kijana wa Mbeya nilipomletea makala yangu ya kwanza. Alinipokea bila kuniuliza kwetu ni wapi. Wengi hapa aliwapokea hivyo. Baadaye tulikua, nguo ikatubana, tukamkasirikia. Tulikuwa na haki. Lakini hatukuwa na adabu, na mimi ndiye niliyesoma hoja. Baba, tunaomba radhi."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaomba karatasi. Ezekia aliitoa, na mzee akatia sahihi palepale juu ya goti, bila kuisoma mara ya pili.

Asukile akaguna kwa faraja, watu wakaanza kusimama, mmoja akauliza jogoo wa Philbert atakamatwa na nani.

"Kaeni," Mwalimu Kalinga akasema. "Mnakwenda wapi? Matanga hayaanuliwi hivyo. Marehemu ameacha mali. Kuna kibali, kuna mashine, kuna wasomaji. Mrithi nani?"

"Mimi!" Philbert akajibu upesi.

"Wewe utauza mashine ununue ubwabwa." Mzee akaigeuza karatasi kumwelekea Ezekia. Chini ya sahihi yake palikuwa na mstari mwingine, wa mwenye jarida, na mpaka hapo kila mtu alichukulia kwamba jina lake litabaki pale. "Mimi nimezeeka. Na jina jipya lisishikwe na mtu anayelilia la zamani."

Akamnyooshea Ezekia kalamu.

Mhehe mmoja wa Iringa, mwalimu mwenzake wa siku nyingi, akasogea mbele kidogo. "Mwalimu, samahani. Mrithi si hutoka katika ukoo?"

"Ametoka katika ukoo," Mama Rozalia akajibu kabla ya mume wake. "Bakuli lake liko ndani. Nenda kaangalie."

Hakuna aliyekwenda kuangalia. Ezekia alikuwa ameshika kalamu, na mstari ule mtupu ulikuwa mbele yake. Alitaka kusema neno la katibu, la kushukuru kwa niaba ya wanachama wote. Likamtoka lingine.

"Baba, naogopa."

"Na mimi niliogopa," mzee akasema. "Andika."